Nyumba ya Mwisho Upande wa Makaburi

Seedi Yusuf, mume wa dada yangu,

Asubuhi nilikusalimia kaburini, ila machozi yalinitangulia. Sasa nakusalimia tena kwa kalamu, Mungu akurehemu.

Unakumbuka ubishi wetu? Ukileta ngozi kutoka Wajir unakaa kwenye mkahawa wangu, na chai haijapoa umeshaanza: "Garissa yenu ni kijiji chenye mto. Mji ni Wajir." Kwenu, ulisema, mtu hujenga akikizunguka kisima, na anayekuja baadaye humzunguka yeye, hakuna anayepewa mgongo. Mimi nakujibu, ngoja, mto utawakusanya watu.

Wamekusanyika, seedi. Si kwa mto. Vita vya serikali na waasi vimewaleta. Serikali imewatoa malishoni ikawaweka ndani ya ua wa miiba, vibanda vya mikeka kwa mistari, mlango wa huyu unatazama mgongo wa yule. Mji umekuwa mkubwa, lakini alfajiri sisikii ngamia. Dada yangu Hawa ameniletea salamu kwa dereva wa lori. Wajir nako wamefurika, ila visima havisogei, basi hata mistari ya serikali imepinda. Nilicheka peke yangu. Halafu nikalia, maana wa kumwambia ni wewe.

Mwezi uliopita kamba ya serikali ya kupimia viwanja ikafika makaburini. Karani akapigilia kigingi karibu na mawe yako. Nikamwambia hapa amelala shemeji yangu, aliugua kwangu, njia zikafungwa, tukashindwa kumrudisha kwao. Akasema kwa upole, "Mzee, mstari haujui shemeji." Basi nikamwomba kiwanja hicho anipe mimi, nami nimwachie changu cha karibu na soko. Akanitazama sana, kisha akakubali.

Kwa hiyo sasa umo ndani ya ua wangu. Mke wangu ananuna, "Umetuhamishia kwa wafu." Lakini ni yeye anayekufagilia.

Kinachonichoma ni Hawa. Hajaona ulipolala, na ruhusa ya kusafiri bado ananyimwa. Mungu akifungua njia atakuja, na hapa vibanda vyote vinafanana. Nimeugeuza mlango wangu ukutazame wewe, kama kwenu. Ndio pekee usiofuata mstari. Hatapotea.

Nakuahidi mlango huu sitaugeuza, hata wakija na kamba tena. Lala salama, seedi. Na usinune: watu wa Garissa wakihesabiwa, wewe sasa ni wetu.

Shemeji yako,
Abdi