Kulala na Kakao

Butembo, Jumanne usiku

Leo hapa hospitali napumua mwenyewe, na tena bila bomba la oksijeni! Mashine ya kidole, ile inayopima hewa ya damu, imesoma tisini na tatu. Wiki mbili nyuma ilikuwa sabini na nane, watu wakidhani nakufa, na shemeji yangu Kambale alishaulizia funguo za depo yangu, ghala la kakao kule Beni. "Bamekupa sumu," alinililia.

Sumu gani? Mapafu yangu yana makovu tangu zamani, na hayo hayaponi, najua. Lakini safari hii dokta alikuta kuvu ndani yake. "Papa, unalalaka wapi?" Nikajibu: depo, na kakao yangu, kwa kuogopa wezi. Magunia yenye ukungu, karibu na mto wa kulalia; kuvu yake ndiyo nilikuwa navuta usiku kucha.

Dawa ya kuvu imeshika. Leo nimetembea mwenyewe mpaka mlangoni, nikamkuta Kambale.

"Shemeji, ulitaka depo? Basi lala wewe na magunia. Lakini funguo bado ziko na mimi!"