Neno Chini ya Jina

Kimanga, Uvira, 6 Aprili 1964

Kwa Sabine,

Salamu. Ukiwa mzima ni vizuri, ukiwa mgonjwa Halidi atakuuguza, maana ndiye uliyemchagua. Sisi huku tupo.

Mama amevimba miguu, hafiki tena hata ziwani. Kule bonde la Ruzizi vijana wameshika silaha juu ya serikali, na wanasema watashuka mpaka mjini. Siku hiyo wenye miguu watapanda milima kuelekea Mulenge. Mama hataweza. Nenda kwa wakubwa wa Kigoma umtafutie kibali cha kuvuka, kwa sababu nasikia askari wa bandari humrudisha kila asiyekuwa nacho. Fanya upesi. Kasongo akileta mawese yake huko kwa boti, nataka arudi na karatasi.

Nasikia unajifunza Kiingereza, wewe uliyeshindwa na Kifaransa cha masista. Basi kitumie kwa kazi moja ya maana.

Ni mimi yaya wako, mkubwa wako wa tumbo moja,
Gaspard


Ujiji, 25 Aprili 1964

Kwa yaya Gaspard,

Huku Ujiji mkubwa huamkiwa shikamoo. Basi shikamoo, maana umri una heshima yake hata mwenyewe akikosa adabu. Mimi ni mzima. Halidi ni mzima pia, ingawa hukuuliza.

Mwaka wa Uhuru ulikataa chakula cha ndoa yangu mbele ya wageni, kwa kuwa nimeolewa na Mwislamu. Tangu hapo hukuniandikia. Leo umekumbuka nina miguu ya kutumwa.

Baba alitufundisha nini? Mwenye haja husalimu, huketi, huuliza habari za watu wa nyumba, huaga, na neno lake hulisema akisindikizwa. Kwenye barua huliandika chini ya jina lake, kwa sababu hapo ndipo msomaji anamsindikiza. Maisha yake yote baba hakuomba kitu juu ya jina lake. Wewe umeniamuru hata sijakukaribisha kiti.

Mwalimu wetu wa Kiingereza anaitwa Anne, ni wa misheni. Jioni anatufundisha namna ya kuomba msaada kwao. Kwanza unasema samahani kwa kukusumbua. Halafu unasema kama inawezekana, na kama una nafasi. Ndipo unataja neno lenyewe, kisha unashukuru kabla mwenzako hajakubali. Hata bwana mkubwa wao akitaka chumvi mezani anasema plizi. Wale wanamwomba radhi mtu wasiyemkosea. Wewe uliyenikosea unaniletea amri na matusi.

Niombe vizuri, nami nitakwenda. Tarishi wako mimi siye.

Mdogo wako,
Sabine


Kimanga, 18 Mei 1964

Kwa Sabine,

Mama hajambo kidogo. Mimi sijambo. Habari zako leo sina muda wa kuziuliza.

Wamefika. Askari wa serikali wamekimbia, na mji umo mikononi mwa waasi. Biro letu, ofisi ya serikali, limevunjwa milango, na wanatafuta makarani nyumba kwa nyumba. Evariste, niliyekaa naye meza moja, walimchukua mbele ya watoto wake. Mimi usinihangaikie. Sijaomba kitu kwa mtu yeyote, na sitaanza na mdogo wangu.

Unataka nikupigie magoti kwa ajili ya mama aliyekuzaa? Adabu yako ya Kiingereza iweke kabatini pamoja na vikombe vya Halidi. Siombi. Nakuambia tu kwamba mama yuko hapa, kila bunduki ikilia anaita jina lako, na mimi nimechoka kulisikia.

Yaya wako,
Gaspard


Ujiji, 9 Juni 1964

Kwa yaya Gaspard,

Shikamoo. Nasi tunaendelea.

Nilikwenda, si kwa ajili yako. Bwana wa vibali ni Mwingereza, mgeni, hajui hata kusema karibu. Nilimsalimu. Nikamuuliza habari za mkewe, za watoto, na kama joto la Kigoma halimchoshi, yote kwa Kiingereza. Akajibu huku akitazama saa. Nikaaga, nikasimama, nikangoja anisindikize ili nimwambie neno langu mlangoni kama mtu aliyelelewa. Akabaki kwenye kiti chake, akamwita anayefuata. Nilirudi nyumbani na haja yangu mdomoni. Niliona haya mpaka nikalia.

Anne alijizuia asicheke, akashindwa. Aliniambia kwao mlango ni wa kutokea tu.

Nikarudi tena. Safari hii nilitanguliza samahani. Nikasema kama inawezekana, kama hatasumbuka, mama yangu avuke. Akashika kalamu, akauliza ni watu wangapi. Hapo nilikukumbuka, yaya. Nilikumbuka biro lenu, nikamkumbuka Evariste. Nikakumbuka pia kwamba huombi. Nikasema mtu mmoja.

Hukuniomba, sikukuombea. Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chungu chake. Wewe hata chungu chako hutaki kukiombea. Kibali cha mama nimekiweka ndani ya barua hii. Kasongo atamchukua kwa boti yake. Kimeandikwa jina moja, usijisumbue kutafuta la pili.

Mdogo wako,
Sabine


Kimanga, 27 Juni 1964

Kwa mdogo wangu Sabine,

Nakusalimu sana. Habari za afya yako? Habari za shemeji Halidi, na kile kifua kilichokuwa kikimsumbua wakati wa mvua? Habari za mwalimu Anne na masomo yenu? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imekwisha na ndagala wa ziwani wanapatikana.

Mama amefunga mizigo yake tangu asubuhi, na mwiko wake wa ugali amekataa kuuacha. Miguu yake ikandwe kwa maji ya moto yenye chumvi. Ukimpikia maharage, yalainishe sana.

Nimefurahi kwamba yule Mzungu alikuelewa. Mwambie shemeji namsalimu.

Yaya wako anayekupenda,
Gaspard


Ujiji, 4 Julai 1964

Kwa yaya wangu Gaspard,

Shikamoo, yaya. Mama amefika salama na mwiko wake. Halidi anakurudishia salamu, kifua hakimsumbui tena. Alipoona umemwita shemeji aliikunja barua taratibu, akanirudishia.

Mama anasema ulimsindikiza. Aliniambia hivi: “Alinifikisha mpaka ku maji. Miye nikamuambia, panda. Akajibu, jina yangu haiko mu ile karatasi.” Anasema pia uliishika kalamu mchana kutwa, na yeye akadhani unaandika barua ndefu.

Yaya, nimeiona karatasi. Jina lako umelitia katikati, na chini yake umeacha nusu nzima nyeupe. Wewe, karani usiyepoteza hata kipande cha bahasha. Niliigeuza upande wa pili, nikaishika mbele ya taa. Hakuna neno. Nimelisoma hivyo hivyo.

Asubuhi nilirudi kwa yule bwana. Nilisema samahani mara nyingi kuliko alivyofundisha Anne. Nilisema nilikosea kuhesabu, nyumbani walikuwa wawili. Aliniangalia sana, kisha akaandika. Kibali chako kimo humu. Kasongo anakileta mwenyewe. Nimekasirika nawe bado, lakini nitakasirika vizuri zaidi ukiwa hapa mezani unakula chakula changu.

Mdogo wako,
Sabine


Ujiji, 20 Septemba 1964

Kwa yaya wangu Gaspard,

Shikamoo. Habari za afya yako? Habari za Kimanga? Sisi ni wazima. Miguu ya mama imepungua kuvimba, anatembea mpaka sokoni, na kila boti ikifika anakwenda kutazama wanaoshuka.

Kasongo amerudi na barua yangu ya Julai, kibali kikiwa ndani. Anasema nyumba yetu wanakaa watu asiowajua, nao walimjibu kwamba karani hawamjui. Jirani zetu walikuwa wamehama. Nimempa tena aondoke nayo, pamoja na hii, aulize mpaka Bwegera, kule bonde la Ruzizi.

Mdogo wako,
Sabine

Yaya, samahani kwa kukusumbua. Kama inawezekana, na kama una nafasi, vuka uje. Kama huwezi, jibu, hata kwa karatasi tupu yenye jina lako. Nakushukuru kabla hujajibu.