Nani Anaisemea Zahanati Yako

Kabasa, Bunda

…na hapo ndipo simu ilipokatika, dada Mwanaupe, kabla sijakujibu. Shikamoo. Natumaini wewe na wanao hapo Butiama hamjambo. Sisi ni wazima, na ndoa bado tamu: Hasani akirudi jioni huanza kuniita akiwa bado barabarani, majirani wanacheka.

Ulisema shemeji yako Hasani anajua kutangaza makochi tu mtandaoni, na mwezi ukiisha tovuti ya zahanati yako utampa fundi wa Musoma. Nilimfikishia. Alicheka, lakini chai yake ilipoa bila kuguswa.

Ni kweli tovuti mbili alizifanyia kazi moja ya kuzipandisha Google. Aliomba duka la simu, wapambaji wa harusi na wauza samaki wa Makoko waweke kwenye kurasa zao linki za duka la makochi la Enoka, na za zahanati yako pia. Enoka akapanda hadi ukurasa wa kwanza wa Google. Wewe ukabaki chini. Nikamuuliza kama kila biashara ina sheria yake kule. Akasema Google wenyewe hawaweki yote wazi, ila anavyoonaga yeye, linki inapimwa kwa anayeitoa, na mambo ya afya yanaangaliwa kwa jicho kali kuliko makochi.

Nikamkumbusha posa yetu. Wachezaji wenzake walipokuja kumsifia, baba mdogo Amini aliwaambia warudi siku tukitafuta golikipa. Kwa habari za mume, aitwe mama aliyempangishia chumba. Hasani akafungua kompyuta. Linki zako za duka la simu, wapambaji na samaki ameomba ziondolewe. Sasa anawafuata wakunga wenzako na hospitali unakopeleka wagonjwa, waitaje zahanati yako. Ukurasa wa kwanza hakuahidi.

Dada, hili hata mama sijamwambia. Kabla ya simu ile nilitafuta mtandaoni mahali pa kujifungulia, kama mgeni yeyote. Nikakuta muuza sato ndiye anayekusifia, nikasita, mimi niliyekuona ukizalisha nusu ya mtaa wetu! Ndiyo, mjamzito ni mimi. Hasani anajua. Anasema mwanawe atazaliwa mikononi mwako, hata ukimfukuza kazi.

Basi usimpe mtu mwingine kabla hatujaonana. Wasalimie watoto, waambie mama yao mdogo anawapenda. Kabla mwezi haujaisha tutakuja Butiama, wewe unipime mimi, naye akuoneshe kazi yake.

Mdogo wako mwenye furaha,
Shamsia