Mahindi Yako Tumeyavuna, Baba

Baba,

Mahindi tumeyavuna yote. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ulikufa ukiyauliza, kifua kimekubana, nayo hata magotini hayajafika.

Tulikuzika Jumamosi. Jumatatu nyapara akaja kumwambia Mama kwamba mkataba wa kukaa hapa ulikuwa wako, alama ya kidole gumba ilikuwa yako. Mwanamume hayupo, basi na shamba halipo. Kipande chetu kilimwe, kipandwe maua ya pareto ya bwana mwenye shamba. Miaka kumi na minane ulimlimia yule mtu, siku zake kwanza, zetu baadaye. Tulikuwa tunapanda wakati yeye ameshapalilia.

Aliyetumwa kulima kwa plau ni Kirui, rafiki yako. Alikuja na maksai uliowafundisha wewe. Nikatoka, nikasimama kwenye mstari wa kwanza wa mahindi. Nyapara akasema, "Kirui, endesha." Kirui akaniangalia, akaangalia mahindi.

"Mimi silimi juu ya chakula cha marehemu."

Akawafungua nira palepale. Jioni hiyo akafukuzwa. Alipita kutuaga na mbuzi wake, hakulalamika hata neno moja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Asubuhi wanawake hawakwenda kuchuma pareto. Walikaa mbele ya ghala na vikapu vitupu, maua yakiharibika shambani. Siku ya tatu bwana akaja mwenyewe juu ya farasi. Akasema tungoje mahindi yakomae, tuvune, halafu tuhame.

Wewe ulizoea kuniambia, "Chebet, mbele ya bwana mtu huinamisha kichwa." Nilikuwa nainamisha kwa ajili yako, Baba. Si kwa ajili yake.

Kesho tunahamia kwa mjomba, upande wa Kericho. Mama amebeba mbegu kifuani, hataki mtu mwingine azishike. Huko tutapanda mvua ya kwanza ikinyesha, bila kungoja zamu yetu.

Wewe unabaki kwenye ardhi ya bwana. Hilo sikuweza kulizuia. Nilitaka kuweka jiwe kichwani pako, nyapara akakataa, eti litavunja plau. Nimeweka matatu, makubwa, nimeyazika nusu.

Kila mwaka nikimaliza kuvuna nitakuja kuyaangalia. Wanipe ruhusa, wasinipe, nitakuja.

Pumzika, Baba. Kazi ya bwana umeimaliza.

Binti yako,
Chebet