Programu Yako Kwenye Mashine ya Mayai

Sauda,

Mlio ule bado ninao. Pi, pi, pi, kisha kimya kidogo, kisha pi, pi, pi tena, kutoka chumba cha nyuma kwa mama yako, Koboko, huku wanawake wamekaa mikekani wanakulilia. Shangazi yako aligeuka kwa hasira: "Nani iko na simu hapa? Zima!" Kila mmoja akapapasa nguo zake. Mimi peke yangu nilijua kwamba ni mashine yako ya kutotolesha vifaranga, inasema joto limezidi. Ilikuwa inamwita mtu aje kuiangalia, na mtu huyo wanaume walikuwa wametoka kumzika. Niliinuka nikaenda kufungua kifuniko. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mayai yalivyohitaji.

Nimechoka, rafiki yangu. Wewe ndiye pekee ambaye ningemweleza bila kuanzia mbali.

Unakumbuka siku taa yetu ya kwanza ilipowaka? Tulikuwa tumetazama video kwenye simu yako mpaka bando likaisha, tukaandika mistari michache ya programu, na taa ndogo kama punje ya mtama ikaanza kuwaka na kuzima. Ulikimbia uani ukipiga kelele, "Iko nawaka! Iko nawaka!" Mama yako akatuangalia. "Wasichana wawili wa shule munalilia taa hii? Hata tochi yangu inawaka." Tangu hapo ukaapa kwamba utamtengenezea kitu ambacho tochi haiwezi.

Na ulitengeneza. Kasoro yake ilikuwa moja: haikuweza kukumbuka siku. Umeme wa Koboko ukikatika, bodi, ile kompyuta ndogo inayoiendesha, ilianza upya, haijui kama mayai yameingia jana au wiki mbili zilizopita. Ukampa mama kopo, adondoshe punje ya mahindi kila asubuhi, ajue lini aache kuyageuza. Nilikucheka, kompyuta inayosaidiwa na mahindi. Basi wapishi wa matanga waliliona kopo jikoni wakamimina punje kwenye sufuria ya maharagwe. Tulikula hesabu yako, Sauda. Vifaranga vilitoka siku vilipotaka vyenyewe, vichache.

Baada ya arobaini, kipima joto kikafa. Nilitafuta kingine Arua mjini, nikapata cha aina tofauti, na bodi haikukielewa. Unajua ilivyo: kila aina ina namna yake ya kuzungumza na bodi, kwa hiyo lazima iandikwe programu mpya, na mpya ikiingia, ya zamani inafutika. Kompyuta uliyoazima kuandikia programu ilikuwa imesharudishwa kwa wenyewe na kusafishwa kabla sijafikiria kuuliza. Ulichoandika kilibaki ndani ya chipu ya bodi ile tu, pasipo nakala nyingine popote.

Sikutaka kuifuta. Nilijifunza jinsi ya kuinyonya kutoka kwenye chipu, nikaipata: kurasa za namba tupu. Ulipoiandika, feni ulikuwa umeiita "pumua". Taa ya kupasha joto uliiita "jua". Chipu haihifadhi majina. Nilikaa na namba zile jioni baada ya jioni nikijaribu kukusikia, na sikukusikia. Nikaagiza Kampala kipima joto cha aina ya zamani. Pakiti ilikuja na jina sahihi, ndani kuna kitu kingine.

Muda wote huo mama yako alikuwa anafanya kazi ya mashine kwa mikono. Anachomoa waya wa taa, anauchomeka tena, anagusisha yai kwenye kope la jicho kupima kama limekuwa moto mno. Hakuna mtu anayeweza kukesha hivyo mpaka vifaranga vitoke. Watu wa kambi ya Lobule waliokuwa wakisubiri vifaranga walianza kwenda kwa wengine. Kila Jumamosi nilipanda gari Arua, nikafika na vumbi kichwani, nikakuta mayai viza, nikasaidia kuyazika nyuma ya choo, nikarudi. Mara moja aliniuliza, "Hii mashine ni ya kuzaa kuku ao ya kupika mayai?" Sikuwa na nguvu hata ya kucheka.

Jumamosi ile nyingine alivunja yai moja mbele yangu. Kifaranga kilikuwa karibu kukamilika, kina manyoya. Hakupandisha sauti. "Wewe unachunga nini ndani ya ile kitu? Sauda haiko mule. Sauda tulimuzika. Mimi mama yake ndiyo nasema." Nililia. Akafuta mikono kwenye leso yake. "Lia, mutoto yangu. Lakini ukilia, fanya kazi."

Nikarudi Arua nikaandika programu mpya. Si nzuri kama yako. Wewe ulipunguza joto polepole, kama mtu anayefunua blanketi. Yangu inawasha na kuzima tu. Nitaendelea kuinyoosha, na nitamfundisha mama yako kubadilisha kiwango cha joto mwenyewe, asimtegemee mtu mmoja tena. Hiyo naahidi. Naahidi pia kwamba hata mashine ikiwa nzima nitafika kwake Jumamosi, tukae tu.

Mungu akulaze pazuri, Sauda. Nilitaka usikie haya kutoka kwangu.

Juzi niliunganisha waya kwenye bodi, mama yako amesimama nyuma yangu na beseni la mayai mapya. Nikabonyeza, programu yangu ikaingia juu ya yako. Haikuchukua hata muda wa kuvuta pumzi. Akauliza, "Imeisha?" Nikamjibu imeisha. Akapiga magoti akaanza kuyapanga. Nami nilifungua faili la zile namba, nikalitazama mara ya mwisho, nikalifuta pia.

Wako,
Rehema