Mgomba wa Deo

Jumatatu, 3 Septemba 1979

Nina miaka sabini na moja. Wajerumani wamepita, Waingereza wamepita, nipo. Njaa mbili, ndui, chui wa Nyakahura, nipo. Wake wawili nimezika. Operesheni ya vijiji ilitutoa mashambani kwetu ikatupanga mistari hapa Bisibo, nipo. Kuandika nimejifunza uzeeni, kwenye kisomo. Darasani nilikuwa wa kwanza.

Leo nimepalilia mihogo. Kisha ugomvi na mke wangu Paskazia, ule ule. Anataka tumzike mwanetu Deo. Deo hayupo, alikwenda vitani Uganda. Barua ya jeshi ilisema hajulikani alipo. Basi wanawake wanataka tukate mgomba tuuzike badala yake, kama tunavyomfanyia mtu asiyerudi. Nimekataa. Mimi nizike mti? Deo ni mimi mtupu. Sura, mwendo, hata kukohoa kabla ya kusema. Mtu wa namna hiyo hapotei.

Jumatano, 5 Septemba

Nimemwambia jirani yangu Baltazari twende Uganda. Alichuma kahawa ya Waganda miaka tisa, Kiganda anakitema kama wao. Watu nimewaambia nakwenda kutembea, kuona nchi tuliyoipiga. Sitaki wajue namtafuta mtu.

Jumapili, 9 Septemba

Kyaka, daraja limelala mtoni. Tumevuka kwa lile la jeshi. Mutukula sikuona nyumba yenye paa. Baltazari ananionyesha kila kitu kama mwenye nchi. Mbele kidogo kifaru kilichoungua, kuku anatagia ndani. Nimepanda juu nikasimama. Waliopita wameniona.

Jumanne, 11 Septemba

Kijiji kimoja kabla ya Masaka. Watu wananitazama vibaya. Muuza ndizi aliniona, akafunika kapu lake akaondoka. Mtoto alilia. Nikamuuliza Baltazari wanasemaje.

"Wanasema wewe ni mrefu, mzee mwenzangu."

Mimi si mrefu. Baltazari ni mtu wa maneno mengi, leo anatafsiri kidogo.

Jumatano, 12 Septemba

Mwanamke alikuwa anatoka kisimani. Kuniona, akaachia debe la maji. Hakusalimia. Alijifunika uso kwa mikono.

Nikamkamata Baltazari shati. Nikamwambia, sema leo au turudi kila mtu kivyake.

"Wanasema yule askari aliyekufa hapa amerudi," akasema. "Amerudi akiwa mzee."

Nimeogopa. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Sura hii nimeisifu mbele ya watu miaka yote. Leo nimetamani kuivua.

Alhamisi, 13 Septemba

Mwanamke huyo ni Mama Nakato. Ametupokea. Amesema, Baltazari akitafsiri, Deo alilala kwake siku nane. Alimtengenezea mlango. Alikohoa kabla ya kusema. Akakanyaga bomu njiani kwenda kisimani. Mama Nakato na majirani wakamzika migombani. Baadaye jeshi likaja na lori, likamfukua pamoja na wenzake. Walipelekwa wapi, hajui.

Shimo lipo. Halikufukiwa. Ndani yake chipukizi la mgomba limeota lenyewe, linanifika kiunoni.

Nikauliza kama Deo aliita mtu kabla ya kufa. Mwanamke alijibu maneno mengi. Baltazari akasema, "Hakuita mtu." Ulimi wake unajua kudanganya, macho hayajui. Sikumuuliza tena.

Nimeling'oa chipukizi kwa mikono yangu. Mama Nakato amelifunga kwa majani makavu, kama mtoto.

Jumamosi, 15 Septemba

Kyaka tena. Baltazari ameshindwa kunyamaza. Deo alimwita mama yake, amesema. Mama, mama, mpaka mwisho. Neno hilo Mama Nakato hakuhitaji mkalimani.

"Nilidhani utaumia," akasema.

Nimeumia. Kwamba hakuniita mimi. Ni aibu kuliandika. Amekufa, na mimi bado nataka nitajwe.

Jumatatu, 17 Septemba

Nyumbani. Chipukizi nimelibeba mwenyewe begani, Baltazari nimemkatalia. Nimemwambia Paskazia kwamba Deo alimwita yeye. Amekaa chini, pale pale uani.

Jioni tumezika. Nimechimba mwenyewe. Wanawake walisema nikate kwanza shina na mizizi, maana mgomba wa maziko hukatwa. Nimekataa. Mwanangu alishakatwa. Nimelifukia zima.

Jumapili, 21 Oktoba

Limechipua juu ya kaburi. Jani moja, bado limejikunja. Wanawake wanasema ling'olewe, marehemu hatatulia. Hakuna anayeling'oa. Baltazari hupita mbali.

Kila asubuhi nakwenda kulitazama. Nakohoa kwanza, lijue ni mimi.

Atakayesema nimetunga, amuulize Baltazari, mstari wa pili, nyumba ya tatu. Amuulize na Mama Nakato, ila kwake aende na mtu anayejua Kiganda. Na Paskazia yupo. Yeye ndiye anayelimwagilia maji. Anadhani sioni.