Soud na kaka yangu bwawani

Mwatima, kaa kitako kwanza.

Soud kasema na kaka Thuwein. KASEMA NAYE. Tangu uchaguzi hawasalimiani, si msikitini si msibani, kila mmoja na chama chake, na mimi katikati, huyu mume huyu kaka.

Leo Soud kenda kuvua perege kile kibwawa cha Makangale. Nami nipo, nafua. Ng'ambo katokea Thuwein na mshipi wake. Hakuna aliyetoa salamu.

Mara Soud anavuta, uso umemwiva. Na Thuwein ng'ambo anavuta. Shoga, mishipi imenasana! Kila mmoja anadhani kapata kambare. Walipotambua, ndiyo kwanza wakazidi kuvuta, maana atakayelegeza kashindwa.

Thuwein akateleza. Bwawani, mzima mzima.

Katoka katota, kapiga chafya: "Alhamdulillahi."

Na Soud, wallahi kwa masikio yangu haya: "Yarhamukallah." Mdomo ulitangulia, mwenyewe kashtuka.

Chafya ya pili, kajibu. Ya tatu, kajibu. SOUD!

Ya nne kanyamaza. Namuuliza, mbona humjibu? "Sunna ni mara tatu, Rahila. Ya nne ni mafua, hayanihusu." Kachukua ndoo yake, kaondoka.

Sasa hivi kanifuata jikoni. "Chemsha chai ya tangawizi, umpelekee kaka yako. Useme umepika wewe."

Nikatia sukari. Kanishika mkono.

"Basi hiyo. Thuwein hapendi tamu."